Tarehe ya Chuma na Gari katika Nchi ya Ufipa

Nchi ya Ufipa imekaa juu, baina ya maziwa mawili yaliyo chini. Mtu atokaye Sumbawanga kwenda Namanyere, makao makuu ya wilaya ya Nkasi, hupita katika uwanda uliozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wenye majani, upepo na baridi ya alfajiri inayowashangaza wageni wa pwani. Lakini magharibi yake uwanda huo hukatika na kuporomoka mpaka Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hayafiki mita 800, na mashariki yake huanguka kwa genge la Lyamba lya Mfipa mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Samaki wako chini, mahindi yako juu. Kila mgebuka unaoliwa Namanyere umepanda ukingo huo, na kila gunia linalopikwa Kirando limeuteremka. Kwa hivyo tarehe ya Ufipa, ukiziweka kando habari za watawala wake, ni tarehe ya namna watu walivyoukabili ukingo huo, kwanza kwa vichwa na mabega, kisha kwa gari.

Kabla ya chuma cha kununua, Wafipa walikuwa na chuma chao wenyewe. Walijenga tanuri za udongo zilizompita mtu kwa kimo, walizoziita malungu, zikavuta hewa zenyewe kwa matundu yaliyoachwa chini, bila ya mtu kushika mivukuto; kisha chuma kilichotoka humo, kikiwa bado na taka, kilitiwa katika tanuri ndogo iitwayo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi mpaka chuma kikasafika na kuwa tayari kwa jembe. Kazi hiyo ilikuwa na dawa zake na miiko yake, ukiwamo wa mhunzi kujitenga na mkewe siku zote za tanuri. Majembe ya viwandani yalipojaa madukani malungu yalizimwa, na habari zake zingalikwenda na wazee wake lau si jarida moja lililoanzishwa mwaka 1936, Tanganyika Notes and Records, ambalo waandishi wake walikuwa maofisa, wamisionari na walimu, kila mmoja akiandika baada ya kazi yake ya siku pasipo kutarajia ujira. Katika toleo la nne, la mwaka 1937, Greig aliandika juu ya uyeyushaji wa chuma katika Ufipa, na mwaka 1958 Wise akairudia maudhui hiyo. Jarida hilo lilikuwa na kasoro zake: liliandikwa kwa Kiingereza, likasomwa zaidi na watawala, na wahunzi wenyewe hawakupewa kalamu. Hata hivyo, mjukuu wa mhunzi akitaka leo kujua tanuri la babu yake lilijengwaje, humo ndimo atakamoanza kutafuta. Nimelitaja mapema kwa sababu nina haja nalo mbele.

Gari lilichelewa kuja. Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1907 kwa gari lililoundwa makusudi, tumbo lake likiwa limeinuliwa mbali na ardhi, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, mwezi wa Mei 1909. Safari hiyo ilithibitisha ushupavu wake kuliko ilivyothibitisha faida ya gari, na Ufipa uliendelea kubebwa vichwani. Mapadri Weupe, walioshika Karema mwaka 1885, waliendesha misheni zao kwa wapagazi na vyombo vya ziwani. Nayo meli ya Liemba, iliyozaliwa kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa mwaka 1916 na Wajerumani wenyewe na kuibuliwa mwaka 1924, ilirudi kazini mwaka 1927 na kuwa mlango wa Ufipa. Njia za malori zilizochongwa baadaye zilifaa kiangazi. Mvua zikianza mwezi wa Novemba, lori lenye kuvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake liligeuka mali ya kuegeshwa.

Dawa ililetwa na vita vya pili vya dunia. Wamarekani walikuwa wameunda Jeep kwa ajili ya majeshi, na Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyekuwa akitumia moja katika shamba lake huko Anglesey, akaona kuwa mkulima naye angelihitaji gari la namna hiyo. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam. Chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kibali baada ya vita, kwa hivyo bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu. Na rangi yake ya kwanza ya kijani ilitokana na akiba ya rangi za ndege za kivita. Dhiki ya Mwingereza ikawa neema kwa Mfipa, kwani bodi ya aluminiamu haili kutu kama ya chuma, na ikibonyea hunyooshwa kwa nyundo chini ya mti, bila ya karakana.

Miongoni mwa watu wa sehemu hizi waliolazimika kuyategemea magari yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne walikuwamo wapiganao na nzige. Nzige wekundu walioisumbua Afrika baina ya mwaka 1930 na 1944 walijulikana kuwa na mazalio machache, na bonde la Rukwa ni mojawapo. Mwaka 1949 ikaundwa taasisi ya kimataifa ya kuwazuia, makao yake yakiwa Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Shughuli yenyewe ilikuwa kuwawahi nzige wakiwa bado hawajaruka, na katika bonde ambalo udongo wake mweusi hupasuka nyufa kiangazi na kuwa uji masika, mwenye gari la kawaida hamuwahi mtu.

Huku juu uwandani gari lililotawala barabara kwa miaka mingi ni ile Land Rover ndefu ya inchi 109, na kuiendesha kulikuwa ilimu kamili, yenye walimu na wanafunzi, ijapokuwa haikuwa na daftari. Pembeni mwa gia ya kawaida palisimama vitu viwili: kirungu cha manjano na mkono wenye kichwa chekundu. Cha manjano kikibonyezwa, magurudumu ya mbele hujiunga na ya nyuma katika kuvuta. Mkono mwekundu ukivutwa, gari likiwa limesimama, gia zote huwa nzito, gari likapoteza mbio na kupata nguvu. Dereva mchanga alibonyeza cha manjano baada ya kunasa. Dereva mpevu alikibonyeza kabla ya kuliona tope, kwa kuwa alilijua lilipo tangu mwaka uliopita, na alijua pia kwamba mfereji wa magurudumu uliochimbwa na lori la jana haufai kufuatwa, bali hukanyagwa kingo zake. Akiteremka kuelekea ziwani hakuning'inia katika breki. Alilishika gari kwa gia nzito, injini ikiguna, maana breki zikishika moto katikati ya mteremko hapana shauri tena.

Maradhi makuu ya gari hilo yalikuwa katika hafu shafti za nyuma. Vyuma hivi viwili, vitokavyo katika difu kwenda kwenye magurudumu, vilikatika aghalabu mahali pa kupanda, mzigo ukiwa mzito na mguu wa dereva ukiwa na pupa juu ya klachi. Lakini waliounda gari waliweka maradhi na tiba mahali pamoja: hufunguliwa bolti sita katikati ya gurudumu, shafti ikachomolewa bila ya kupiga jeki wala kuvua tairi, kipande kilichobaki ndani kikavuliwa kwa waya na subira, ikatiwa nyingine, na kama nyingine haipo, hubonyezwa kirungu cha manjano, gari likajikokota mpaka mjini kwa magurudumu ya mbele. Nathubutu kusema kwamba jambo hili moja, la kuwa kila kilichovunjika kingeweza kufunguliwa njiani na mtu mwenye spana chache, ndilo lililoieneza Land Rover katika nchi kama Ufipa kuliko sifa zote zilizochapishwa na wauzaji wake.

Utingo naye alikuwa na ilimu yake. Alikaa nyuma juu ya mizigo, kabari ya gogo mkononi, na gari lilipoanza kuishiwa nguvu mlimani aliruka chini kabla ya kuambiwa akaitia nyuma ya gurudumu. Yeye ndiye aliyefunga minyororo katika matairi, aliyekata matawi ya kutandika, aliyepima kina cha mto kwa miguu yake mwenyewe, na aliyeamua ni abiria gani washuke kusukuma na ni nani waachwe kwa heshima ya umri au ya uja uzito. Cheo chake kilikuwa cha chini na ujira wake hafifu, lakini gari liliporudi nyuma abiria walimtazama yeye, hawakumtazama dereva. Madereva wengi wa zamani walianzia hapo, kwa kuwa chuo kingine cha udereva wa milimani hakikuwapo.

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma ukatarajiwa kuilisha nchi mahindi, jambo lililozidisha magari na kuzidisha mashimo. Kisha ikaja miaka ya dhiki baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika na spea zikawa johari. Hapo tabia ya malungu ikarudi, sidai kwa nasaba bali kwa mwenendo: springi ya gari lililokufa ikatiwa motoni na kukunjwa upya kwa ajili ya gari lililo hai, gasketi zikakatwa kwa karatasi ngumu, bushi zikachongwa katika mpira wa tairi kuukuu. Kwa kuwa bodi haikuoza na chasisi ya chuma iliyo chini yake ilioza, fundi alijikuta akiunga mifupa ya gari ambalo ngozi yake ingali nzima. Na ziko Land Rover ambazo, baada ya kuungwa hivi mara nyingi, hapana awezaye kuapa kuwa ni gari moja au matatu.

Habari za Land Cruiser nitazipita kwa wepesi, maana zinajulikana. Toyota iliunda gari lake la kwanza la aina hii mwaka 1951, ikalipa jina hilo mwaka 1954, na mfululizo wa 70 ukatoka mwaka 1984. Injini ya dizeli ya silinda sita iitwayo 1HZ ikafuata mwaka 1990. Gari hilo lilikuja na miradi ya misaada, ukiwamo ule wa RUDEP uliogharimiwa na Norway hapa Rukwa, likaja na serikali na hospitali, na mkonga wake wa kuvutia hewa juu ya paa ukawa alama ya mwenye cheo. Ni gari bora. Insafu yanilazimu kukiri. Haliharibiki mara kwa mara, na kwa sababu hiyo halikumfundisha fundi mengi.

Tarehe 17 Februari 2008 Tanzania na Marekani zilitiliana saini mkataba wa Millennium Challenge, na katika miradi yake ilikuwamo barabara ya lami ya kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220. Lami nyingine ikafuata kutoka Sumbawanga kuelekea kaskazini kupitia Nkasi na kuendelea upande wa Mpanda. Leo gari dogo la mjini, lililozaliwa kwa ajili ya mitaa ya Japani, huja Namanyere bila ya matope katika mlango. Ni kheri kubwa, na asiyeifurahia hajawahi kumsindikiza mgonjwa usiku wa masika. Zimebaki njia za kuteremkia ziwani, ya Kitosi hadi Wampembe na ya Nkana hadi Kala, ambako ilimu ya kirungu cha manjano ingali ikidaiwa kila mwaka.

Sasa narejea kwenye jarida. Huko Marekani wapenzi wa Land Cruiser waliunda chama chao katika miaka ya 1970, na jarida lao, Toyota Trails, limejazwa na wanachama wenyewe: huyu ameandika namna ya kufungua difu, yule amechora njia ya mlima, mwingine amepiga picha, na thawabu yao ni kusomwa na wenzao. Wengi wao hulitafuta tope siku ya mapumziko. Sisi tope limetutafuta siku za kazi, na pengine hiyo ndiyo sababu hatukulihesabu kuwa jambo la kuandikiwa. Lakini mwezi wa Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwa mamia katika tamasha lililokusudia kuipiku rekodi iliyokuwa Ujerumani, wakaja wenye magari mapya na wenye vigofu vilivyoungwa, na watu wakaona kwamba mapenzi hayo yako kwetu pia, yakiwa yamejificha ndani ya riziki.

Namanyere unastahiki jarida la namna hiyo zaidi ya Arusha, kwa kuwa Arusha gari hilo humchukua mtalii na hapa lilimchukua mama mjamzito na gunia la dagaa. Haliombi mtaji: kurasa chache zilizochapwa na kubanwa kwa pini, mara nne kwa mwaka, mwenye duka la spea alipie karatasi kwa kutangaziwa bidhaa zake. Mwandishi asiwe kama Greig wala Wise, mgeni anayeueleza ustadi ambao mikono yake haiujui. Dereva mzee akae na mwanafunzi wa sekondari, mmoja aseme na mwingine aandike, na utingo apewe safu yake mwenyewe, maana yeye ndiye aliyeshuka chini akaona. Toleo la kwanza lianze na njia ya Wampembe, korongo kwa korongo, kabla lami haijaifuta. La pili lieleze namna ya kuvua kipande cha hafu shafti kilichobaki ndani. Ukurasa wa mwisho waachiwe wanaobishana juu ya Land Rover na Land Cruiser, nao watalishibisha jarida hilo kwa miaka isiyopungua kumi.