Msala Upitao

Tuna methali mbili ambazo zikikutana njia moja lazima zigombane. Ya kwanza husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ya pili hutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Ukitaka kuushuhudia ugomvi wao, ndugu msomaji, usiende mbali. Soma historia ya kompyuta. Kabla ya mashine mpya kutoka hutangulia tetesi: itakuwa hivi, itauzwa bei ile, tusubiri kidogo. Watu wengi huziona tetesi hizo kama porojo za kupitishia muda. Kumbe zimewahi kumtajirisha mtu, na zimewahi kumfilisi mwingine.

Tuanze na aliyefilisika.

Adam Osborne alikuwa Mwingereza aliyezaliwa Bangkok mwaka 1939 na kukulia kusini mwa India. Sisi wa kalamu tunaweza kumwita mwenzetu, maana kabla ya kuuza kompyuta aliandika vitabu vya kuzieleza. Alivichapisha mwenyewe huko Marekani, na vikauzika hasa, hata mwaka 1979 kampuni kubwa ya McGraw-Hill ikainunua kampuni yake ya uchapishaji. Pesa akazipata, na jina pia. Akajiuliza, kwa nini nisitengeneze hiyo kompyuta yenyewe?

Aprili 1981, kwenye maonyesho ya San Francisco, akaileta Osborne 1, kazi ya fundi Lee Felsenstein. Ilikuwa kompyuta ya kubeba. Unaifunga, unashika mpini, unaondoka nayo kama cherehani ndani ya sanduku lake. Kubeba kwenyewe jamani kulitaka kifua, maana ilikuwa na kilo 11, zaidi ya nusu debe la maji. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu, kama kiganja cha mkono. Lakini bei ilikuwa dola 1,795, na ndani ya bei hiyo ulipewa programu ya kuandikia na ya kupigia mahesabu, vitu ambavyo kwingine ulivinunua mbali na kwa pesa nzito. Watu wakaigombania. Kuna wakati kampuni ilikuwa ikiuza mashine 10,000 kwa mwezi mmoja.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mapema mwaka 1983 Osborne akaanza kuwasimulia waandishi wa habari juu ya mashine inayokuja. Itaitwa Executive. Kioo chake inchi 7, uwezo wake mkubwa zaidi, bei dola 2,495. Maneno hayo yakawafikia wenye maduka, yakawafikia wateja. Wewe ungefanya nini? Umeshika pesa zako ulizozikusanya kwa taabu, unaambiwa na mwenye mali mwenyewe kwamba hii iliyopo mezani iko mbioni kuzeeka. Ungesema ngoja. Nao walisema ngoja.

Wenye maduka wakafuta oda zao. Mashine za zamani zikajaa ghalani, na zile mpya zilikuwa bado hazijatoka za kutosha. Kiwanda kina wafanyakazi, kina kodi ya pango, kina madeni ya vipuri, na vyote hivyo havijui kusubiri. Tarehe 13 Septemba 1983 kampuni ikaenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Haikuwa imetimiza hata miaka mitatu tangu kuanzishwa. Mamia ya watu waliokuwa wakila kwa mashine ile wakarudi majumbani mikono mitupu. Tangu hapo wafanyabiashara wa Marekani wakalifanya jina la Osborne kuwa la ugonjwa: ule wa kuua bidhaa uliyonayo kwa kuisifu usiyokuwa nayo.

Lakini historia si hadithi ya sungura na fisi, kwamba kosa ni moja na funzo ni moja. Wapo wanaosema Osborne alionewa na simulizi, na wana hoja. Mwaka 1982 ilikuwa imeshatoka Kaypro II, nayo ya kubeba, yenye kioo cha inchi 9, kwa dola 1,595. IBM nao walikuwa wametoa kompyuta yao ya binafsi Agosti 1981, na ndiyo iliyokuwa ikigeuka kuwa kipimo cha wote. Compaq wakaja na ya kubeba iliyoendesha programu zilezile za IBM. Kwa hiyo mteja aliyesema ngoja hakukaa bure barazani, alikuwa na maduka mengine ya kuchungulia. Mimi naona mambo haya mawili hayapingani. Ushindani ulifungua mlango, na mdomo wa Osborne ukawasukuma wateja kupita.

Maana mdomo huohuo umewahi kumfaa mwingine. Turudi nyuma miaka 20. Agosti 1963 kampuni changa ya Control Data ilitangaza kompyuta iliyoitwa 6600, kazi ya Seymour Cray, mashine ambayo kwa mwendo haikuwa na mpinzani duniani. Mkuu wa IBM, Thomas Watson Mdogo, alipandwa na hasira. Akawaandikia wakubwa wenzake akitaka kujua, ilikuwaje jitu zima kama IBM lipitwe na maabara ya watu 34, ukimhesabu hata mfagizi? Mwaka 1964 IBM wakatangaza kwamba na wao wana mashine kubwa ya mbio inakuja. Kuja kwenyewe! Mashine hiyo, iliyokuja kuitwa 360 Modeli 91, haikumfikia mteja hadi miaka mitatu baadaye, na zilizotengenezwa ni chache, hazikufika hata 25. Lakini wateja wa Control Data walishasikia jina la IBM, wakasema ngoja. Desemba 1968 Control Data wakafungua kesi, wakidai kwamba wenzao walitangaza mashine ya karatasi ili kuwazuia kuuza ya chuma. Mwaka 1973 IBM wakakubali suluhu, na ndani yake wakawaachia kampuni yao tanzu nzima.

Linganisha sasa. IBM walisema ngoja na hasara ikampata jirani. Osborne alisema ngoja na hasara ikampata yeye. Tofauti iko wapi? Iko mezani. Asiye na bidhaa ya kuuza leo hapotezi kitu akiisifu kesho. Mwenye bidhaa leo, kila neno la kesho ni shoka kwenye tawi alilokalia.

Njia ya tatu waliionyesha Apple. Mwishoni mwa 2009 ulimwengu mzima ulivumisha kwamba wanatengeneza kompyuta bapa, isiyo na vibonye. Watu wakaibatiza jina, iSlate, wakaipangia na bei, dola 1,000 hivi. Apple kimya. Tarehe 27 Januari 2010 Steve Jobs akapanda jukwaani San Francisco. Jina likawa iPad. Akaonyesha kwenye kioo kikubwa ile bei ya uvumi, 999, kisha ikadondokewa na 499. Wapo walionung'unika kwamba haina kamera, kwamba walitarajia makubwa. Lakini Aprili 3, siku ya kwanza ya kuuza, zilitoka zaidi ya 300,000. Uvumi uliwafanyia kazi bila mshahara, na iPad haikuwa na kaka yake dukani wa kuuawa na sifa zake.

Kwa hiyo msala upitao una nguvu, tusidanganyane. Haujatandikwa, haujachafuka, haujatoboka, kila mtu anausali kichwani mwake kama apendavyo. Mkeka wa nyumbani hauwezi kushindana nao kwa sifa. Osborne alikuwa mtu wa vitabu, na nguvu ya maneno aliijua kuliko mafundi wote aliowaajiri. Alichosahau ni kwamba maneno hayachagui adui. Nasi tunaosifia vijiweni riwaya zetu ambazo bado hazijapata hata sura ya tatu, tumuulize yeye.