Darubini za Lenzi za Kijapani na Wapenzi Wake: Historia Fupi kwa Ajili ya Istilahi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya darubini za lenzi zilizotengenezwa Japani, na sababu zilizozifanya zipendwe mno na watazamaji wa nyota wa ridhaa, hasa katika Marekani na Ulaya, tangu miaka ya 1950. Huenda msomaji akauliza jambo hili lahusu nini jarida la istilahi. Jibu letu ni kwamba mtu asiyejua chombo kilivyo hawezi kukipa jina lifaalo, na kwamba katika historia ya chombo hiki yamo karibu maneno yote yanayomtatiza mfasiri wa maandishi ya elimu ya nyota. Isitoshe, jina baya la chombo laweza kuipotezea shule fedha, kama tutakavyoona mwishoni.

1. Neno darubini

Neno darubini limetufikia kutoka lugha ya Kiajemi, ambamo dur ni mbali, na bin ni shina la kitenzi chenye maana ya kuona. Jina litumiwalo Ulaya liliundwa mwaka 1611 na Giovanni Demisiani, mtaalamu wa Kigiriki, kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ile ile ya mbali na kutazama. Wajapani nao walipokipata chombo hicho walikiita kwanza tomegane, yaani miwani ya mbali, na baadaye boenkyo, yaani kioo cha kutazamia mbali. Inajulikana kwamba mwaka 1613 nahodha Mwingereza, John Saris, alimpelekea Tokugawa Ieyasu darubini iwe zawadi.

Hivyo basi, mataifa yaliyo mbalimbali yalikipa chombo jina kwa kazi yake, si kwa umbo lake wala kwa kilichomo ndani. Jina la namna hiyo lina faida ya kueleweka upesi, lakini lina upungufu mmoja: vyombo viwili vifanyavyo kazi moja kwa njia tofauti huishia kuitwa jina moja. Katika Kiswahili darubini imekuwa jina la chombo cha baharia, cha mtazamaji wa nyota, cha askari chenye macho mawili, na hata cha kutazamia vijidudu, mpaka neno hadubini lilipokuja kukitenga hiki cha mwisho. Kazi ya kutenganisha iliyobaki ni yetu.

2. Lenzi na kioo

Mwaka 1608 Hans Lippershey, fundi wa miwani, aliomba hataza ya darubini katika mji wa The Hague. Januari 1610 Galileo aliona kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe miezi minne izungukayo Mshtarii. Darubini hizo za kwanza zilikuwa za lenzi, yaani nuru hupita ndani ya kioo, hupindwa, na kukusanywa mahali pamoja.

Kasoro yake ilionekana mapema. Lenzi moja haipindi rangi zote kwa kiasi kimoja. Nuru ya buluu hupindwa zaidi kuliko nyekundu, kwa hiyo nyota angavu huvikwa ukungu wa rangi. Watazamaji wa karne ya 17 walijaribu kuipunguza kasoro hiyo kwa kutumia darubini ndefu mno. Newton alikata shauri kwamba haiponyeki, na mwaka 1668 akatengeneza darubini ya namna nyingine, ambayo nuru haipiti ndani ya kioo bali huakisiwa na kioo kilichopinda. Hata hivyo dawa ilipatikana. Mwaka 1758 John Dollond alipewa hataza ya lenzi iliyounganishwa kwa vioo vya aina mbili, kimoja cha kawaida na kingine kizito chenye madini ya risasi, ambavyo kila kimoja hurekebisha kosa la mwenzake. Rangi haikwisha kabisa, lakini ilipungua sana, hasa kama urefu wa fokasi ni mara 15 hivi ya kipenyo cha lenzi.

Hapa ndipo mfasiri ajikwaapo. Akiandika darubini ya kioo, mwalimu atasoma nini? Lenzi ni kioo. Kioo cha kujitazamia nacho ni kioo. Dirisha nalo lina kioo. Katika lugha nyingine mambo haya yana majina mbalimbali, lakini Kiswahili kimeyaweka katika nyumba moja. Kwa sababu hiyo twaona ni afadhali kuliacha neno kioo peke yake lisitumike katika kutofautisha aina za darubini. Tuseme darubini ya lenzi kwa ile ipindayo nuru, na darubini akisi kwa ile iakisiyo.

3. Ufundi wa Japani

Ufundi wa darubini katika Japani haukuanza na viwanda vya siku hizi. Iwahashi Zenbei wa Kaizuka, karibu na Osaka, aliyeishi kati ya 1756 na 1811, alisifika kwa darubini zake za lenzi. Kunitomo Ikkansai, ambaye kwa asili alikuwa fundi wa bunduki, alitengeneza darubini akisi katika miaka ya 1830, na mwaka 1835 akaitumia kuchunguza madoa ya jua.

Kampuni ya Nippon Kogaku, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Nikon, iliundwa mwaka 1917. Mwaka 1926 Seizo Goto alianzisha kiwanda chake Tokyo, akatengeneza darubini ndogo ambazo mwanafunzi na mtu wa kawaida waliweza kuzinunua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mafundi wengi wa lenzi walitumikia jeshi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mikono iliyozoea kusugua lenzi za darubini za vita ilihitaji kazi nyingine, na nchi ilihitaji fedha za kigeni. Kamera na darubini vikawa miongoni mwa bidhaa za kuuzwa nje.

Lakini sifa ya bidhaa za Kijapani wakati huo haikuwa nzuri. Hata katika bandari zetu za Afrika Mashariki, nguo za pamba za Japani ziliingia kwa wingi katika miaka ya 1930, na watu walizijua kwa urahisi wa bei. Yafaa tukumbuke kwamba jina la nchi laweza kugeuka likawa jina la kitu na la hadhi yake. Kiswahili chenyewe kina ushahidi katika neno merikani, ambalo lilitokana na jina la nchi, likawa jina la nguo. Baada ya vita, neno Kijapani kwa mnunuzi wa Marekani lilimaanisha kitu hafifu. Serikali ya Japani iliona hatari hiyo ikaweka ukaguzi wa bidhaa ziendazo nje, na sheria ya mwaka 1957 ikauimarisha. Ndiyo maana darubini nyingi za wakati ule zina kibandiko kidogo chenye umbo la yai na herufi JTII, kuonyesha kwamba chombo kimekaguliwa na kupita.

Darubini iliyobadili maoni ya wengi ni ile iliyouzwa Marekani kwa jina la Unitron, na kwingineko kwa jina la Polarex. Ilitengenezwa na Nihon Seiko Kenkyusho ya Tokyo, na matangazo yake yalionekana kwa miaka mingi katika jarida la Sky and Telescope. Lenzi zake za kawaida zilikuwa za kipenyo cha milimita 60, 75 na 100, na mwanzi wake ulikuwa mrefu na mwembamba. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao pamoja na miguu mitatu ya mbao, na kila skrubu ilikuwa imechongwa kwa uangalifu. Pamoja nayo vilikuwako vyombo vingi vya milimita 60 kutoka karakana ndogo ndogo, vilivyouzwa kwa majina ya waagizaji wa Marekani, kama Tasco na Sears. Jina la fundi halikuandikwa. Iliwekwa alama ndogo tu, mara nyingi herufi iliyozungushiwa duara. Wapenzi wa darubini hizi wanaendelea kuzisaka alama hizo ili wajue chombo kilitoka mikononi mwa nani.

4. Floraiti

Hatua ya pili ilihusu rangi ile iliyosalia. Tangu mwaka 1886 Ernst Abbe wa Ujerumani alikuwa ametumia floraiti, ambayo ni fuwele ya asili, katika lenzi za hadubini, akaondoa karibu rangi yote. Lakini fuwele safi na kubwa ni adimu kupatikana ardhini, kwa hiyo isingefaa kwa lenzi ya darubini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Canon ilifaulu kuikuza floraiti kiwandani, na mwaka 1969 ikatoa lenzi ya kamera iliyoitumia. Takahashi, kampuni ya Tokyo iliyoanza mwaka 1932 kwa kazi ya kusubu chuma, ilitengeneza darubini za floraiti kwa ajili ya watazamaji wa ridhaa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vixen, iliyoko Saitama, nayo ikafuata njia hiyo. Haikuwa lazima tena mwanzi uwe mrefu ndipo rangi ipungue. Chombo kikawa kifupi, picha ikawa safi, na bei ikapanda.

5. Sababu za mapenzi

Kwa hesabu tupu, mapenzi haya ni vigumu kuyaeleza. Darubini akisi ya kipenyo cha milimita 150 hukusanya nuru mara sita na robo kuliko ya lenzi ya milimita 60, na kwa kipenyo kimoja darubini akisi huwa rahisi zaidi. Lakini wapenzi wana hoja zao. Katika darubini ya lenzi hakuna kitu kinachokaa katikati ya njia ya nuru, kwa hiyo picha hubaki na weusi na weupe wake. Mwanzi umefungwa, vumbi halipenyi kwa urahisi. Lenzi iliyopangwa vyema kiwandani hukaa ilivyopangwa, ilhali vioo vya darubini akisi huhitaji kunyoshwa mara kwa mara. Kwa mwezi, kwa pete za Zohali, na kwa nyota pacha, lenzi ndogo iliyo njema hutosha. Ile ya milimita 60 yaweza kutenganisha nyota mbili zilizo mbalimbali kwa kiasi cha sekunde 2 za pembe.

Watu hawa wanaitwa nani? Baadhi ya wafasiri huandika wanagenzi. Hili ni kosa. Mwanagenzi ni mtu aanzaye kazi, asiyejua bado. Mtazamaji tunayemzungumzia aweza kuwa na miaka 40 ya uzoefu. Tofauti yake na mtaalamu wa chuo ni kwamba halipwi. Mwishoni mwa Januari 1996 Yuji Hyakutake wa Japani aligundua kimondo chenye mkia kilichopewa jina lake, akitumia darubini kubwa ya macho mawili yenye lenzi za milimita 150. Hakuajiriwa na kituo chochote cha uchunguzi wa nyota, lakini hakuna awezaye kumwita mwanagenzi. Lugha ya michezo imekwisha kutupa neno lifaalo, maana twasema ndondi za ridhaa. Na tuseme vivyo hivyo mtazamaji wa ridhaa.

6. Faida kwa shule na ofisi

Tumesema kwamba jina baya laweza kupoteza fedha. Wauzaji wa vyombo hafifu wamezoea kuandika kwenye sanduku, kwa herufi kubwa, idadi ya mara ambazo kitu hukuzwa: mara 400, au zaidi. Kanuni ya watazamaji ni kwamba ukuzaji wa manufaa hauzidi kwa kawaida mara mbili ya kipenyo cha lenzi kwa milimita. Kwa hiyo lenzi ya milimita 60 haiwezi kuzidi mara 120 kwa faida. Ukipita hapo picha huwa kubwa na giza, wala haiongezi jambo. Mtumishi aandikaye orodha ya mahitaji ya shule, akitaja nguvu ya darubini bila kueleza nguvu hiyo ni ipi, atapewa sanduku lenye namba kubwa. Akitaja kipenyo, urefu wa fokasi na aina ya kiweko, atapewa chombo.

Kwa hiyo twapendekeza maneno yafuatayo yafikiriwe na wasomaji wetu:

Darubini ya lenzi: darubini ikusanyayo nuru kwa kuipinda ndani ya lenzi.
Darubini akisi: darubini ikusanyayo nuru kwa kioo kiakisi.
Darubini ya macho mawili: darubini mbili za lenzi zilizoungwa sambamba.
Lenzi ya mbele: lenzi ielekeayo kitu kinachotazamwa.
Lenzi ya jicho: lenzi ndogo ambayo mtazamaji huisogezea jicho.
Kipenyo wazi: upana wa lenzi ya mbele upitishao nuru.
Urefu wa fokasi: umbali kutoka lenzi hadi mahali nuru ya nyota inapokutana.
Kasoro ya rangi: ukungu wa rangi utokanao na lenzi kupinda rangi kwa viasi tofauti.
Kiweko: sehemu ishikayo darubini na kuiwezesha kugeuka.
Mtazamaji wa ridhaa: achunguzaye nyota kwa hiari, bila kulipwa, awe mjuzi au la.

Mkulima wa pwani alikijua Kilimia na majira yake kabla darubini yoyote haijafika kwake, na jina alilokipa lilitokana na kazi ya kulima. Mwanafunzi atakayekitazama Kilimia hicho kwa lenzi ya milimita 60 atahesabu nyota nyingi kuliko alizohesabu babu yake kwa macho matupu. Ni haki yake ayapate majina ya chombo anachokishika kwa lugha ile ile iliyokipa Kilimia jina.