Kukata shauri

Mhunze ndiko yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kishapu, na ndani ya neno halmashauri mna mashauri. Shauri, lililotujia kutoka Kiarabu, ni ushauri na pia ni jambo linalojadiliwa. Kwa hiyo anayekata shauri hukata maongezi yaliyokwisha kuwapo. Mkulima wa Kishapu anayegawa shamba kati ya pamba na mtama, mvua zenyewe za kubahatisha, anaamua kwa niaba ya nyumba nzima: pamba huleta fedha lakini hailiwi, na mama atakayetafuta cha kupika mwezi wa pili anastahili kusikilizwa kabla jembe halijagusa ardhi.

Wapo watakaosema kazini hakuna nafasi ya kusikilizana hivyo. Kwenye mashimo ya dhahabu ya Geita, ukuta ukianza kumeguka, hauitishwi mkutano. Kweli kabisa. Lakini wachimbaji hutoka upesi pale ilipokubaliwa mapema kwamba yeyote anayeona ufa, hata mbeba mawe, ana haki ya kuwatoa wote. Uharaka huo una shauri nyuma yake. Pingamizi zito zaidi ni “shauri yako”, kana kwamba jambo ni la mtu peke yake. Mimi naona kinyume: humwambii mtu hivyo mpaka awe amekataa kushauriwa. Na mkuu wa kazi anayeitisha kikao cha “kushauriana” ilhali barua zimekwisha kupigwa mhuri hajakata shauri lolote, na wafanyakazi wake wana haki ya kumwambia hivyo palepale kikaoni.