Joto, Vumbi na Kompyuta ya Michezo Mkoani Simiyu

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Kompyuta mpakato ya kazi za ofisi hutumia wati chache, na joto lake huondoka bila shida. Ile ya michezo inaweza kupitisha wati 200 wakati mchezo mzito unaendelea, na joto hilo lote hutoka ndani ya kasha lenye unene wa sentimita mbili au tatu. Uhai wa mashine hiyo hutegemea namna joto linavyotolewa. Katika Mkoa wa Simiyu, wenye vumbi jingi na umeme uliochelewa kutulia, kazi hiyo imezaa taratibu zake za matunzo.

Hapo mwanzo kupoza kompyuta haikuwa kazi ya mtu mmoja. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mashine za kizazi hicho zilijaza chumba kizima, zikahitaji viyoyozi na wahudumu waliofunzwa. Gharama ya baridi ilibebwa na taasisi pamoja na gharama ya mashine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na kompyuta chache zilizokuwepo zikabaki mikononi mwa taasisi kubwa. Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua, na katika miaka ya 1990 mtu binafsi aliweza kununua kompyuta yake. Mzigo wa kuipoza nao ukamhamia yeye.

Wakati huo chipu zenyewe zilikuwa zimebadilika. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia chipu ndogo isiyohitaji feni yake yenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, chipu kuu ya kompyuta ya mezani ilifungwa kipande cha aluminiamu chenye mapezi, na feni juu yake. Mwaka 1999 kampuni ya NVIDIA ilitoa GeForce 256, na chipu za picha zikaanza mbio zao za kudai umeme zaidi kila mwaka. Waundaji wa kompyuta mpakato waliokolewa na uvumbuzi wa mwaka 1963 wa George Grover, mwanafizikia wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani: bomba la joto. Hilo ni bomba la shaba lililofungwa pande zote, lenye kimiminika kidogo ndani. Kimiminika huvukizwa upande wa chipu, mvuke hukimbilia upande wa mapezi, hupoa, kisha hurudi kama kimiminika. Bila bomba hilo, kompyuta ya michezo isingeweza kuwa nyembamba kiasi cha kubebwa.

Madhara ya joto yalidhihirika duniani kote kati ya mwaka 2007 na 2008. Mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kugharimia mashine zake za michezo za Xbox 360 zilizoharibika, ikaongeza dhamana hadi miaka mitatu. Mwaka uliofuata NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zilizokuwa zikifa ndani ya kompyuta mpakato. Chipu hutanuka ikipata moto na kusinyaa ikipoa, na kila mzunguko huchosha viungo vidogo vya lehemu vinavyoishikilia. Kwa hiyo kupanda na kushuka kwa joto mara kwa mara nako huua mashine, hata pale ambapo haijaungua.

Simiyu ilizaliwa katika enzi hiyo ya mashine zenye joto. Mkoa ulitangazwa mwaka 2012, ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao makuu yakawa Bariadi. Miaka mitatu kabla, mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam, na intaneti ikaanza kushuka bei. Ofisi za serikali, shule na maduka ya huduma za uchapaji yalileta kompyuta mjini. Vijana waliozoea gemu kwenye vibanda vya PlayStation walianza kutamani mashine zao wenyewe, mara nyingi zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, ambazo mapezi yake na pesti ya kupitishia joto huwa vimechoka kabla hazijafika.

Mazingira ya mkoa huongeza kazi. Eneo lote liko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Pwani, hivyo feni ya aina ileile, ikizunguka kwa kasi ileile, hubeba joto pungufu. Mchana wa Septemba na Oktoba hupita nyuzi 30. Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni vumbi. Barabara ya Bariadi hadi Lamadi imewekwa lami, lakini njia nyingi za mitaani na vijijini ni za udongo, na kiangazi cha kuanzia Juni huzijaza nyumba vumbi. Msimu huohuo ndio wa kuvuna na kuchambua pamba, zao ambalo Simiyu huongoza nchini. Nyuzi nyepesi za pamba zikinaswa kwenye mapezi hushikana na vumbi, zikafanya utando mfano wa blanketi. Feni huendelea kulia, lakini hewa haipiti.

Umeme nao una historia yake. Mgawo wa mwaka 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, uliwafanya wenye kompyuta wategemee betri. Kukatika na kurudi ghafla kwa umeme huhatarisha chaja, na ndiyo maana stabilaiza imekuwa kifaa cha kawaida. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024 na kupunguza uhaba. Betri za lithiamu-ioni, zilizoingia sokoni mwaka 1991, huzeeka upesi zikiwa moto huku zimejaa chaji. Kompyuta inayochezewa ikiwa kwenye chaji siku nzima hukutana na hali zote mbili, na betri ikianza kuvimba haina budi kutolewa mara moja.

Matunzo yanayofaa kwa mazingira haya hufuata mpangilio. Kwanza ni njia ya hewa: mashine huwekwa juu ya meza ngumu, nyuma ikiinuliwa sentimita moja au mbili, wala si kitandani au kwenye zulia. Pili ni usafi: mara moja katikati ya kiangazi na mara nyingine baada yake, kifuniko cha chini hufunguliwa, feni hushikwa isizunguke, na vumbi hutolewa kwa brashi laini na bloa. Feni ikiachwa izungushwe na bloa, inaweza kuharibika. Tatu ni pesti iliyo kati ya chipu na shaba, ambayo hukauka na hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Nne ni mipangilio: kuwekea mchezo kikomo cha picha 60 kwa sekunde hupunguza umeme na joto, na kuzuia chaji isipite asilimia 80 hurefusha maisha ya betri.

Chipu nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 95 hadi 100. Mchezo unaoanza vizuri kisha kukwama baada ya dakika kumi au ishirini huonyesha kuwa kikomo hicho kimefikiwa. Mashine ya namna hiyo huhitaji kufunguliwa na kusafishwa kabla fundi hajashauri kununua kipuri chochote. Ikibaki na joto lilelile baada ya kusafishwa na kupakwa pesti mpya, kinachofuata kukaguliwa ni feni, kisha bomba la joto.