Filme «Matrix»: juu ya nini watazamaji hawapatani mupaka leo

Tangu mwezi wa tatu mwaka 1999, kuko filme moja ya Marekani yenye watu hawajaacha kuibishania. Inaitwa The Matrix. Wenye waliiona kwa Kifaransa wanaijua kwa jina fupi, Matrix. Kwa wamoja ni filme ya vita tu, ya watu wa makoti meusi wenye kukwepa risasi. Kwa wengine ni mahubiri, ao somo la falsafa. Wengine tena wanasema ni hadithi yenye ilianza muzuri na kuharibikia njiani. Hapa chini tunapanga maoni hayo moja moja na kuonyesha yanatoka wapi. Kwa wenye hawajaiona: mwisho wa hadithi unaelezwa humu.

Hadithi yenyewe

Thomas Anderson ni kijana mwenye kutumika muchana katika kampuni ya programu za ordinatere. Usiku anaingia kwa kificho katika ordinatere za watu wengine, na huko anajiita Neo. Anasikia ndani yake kama kuko kitu hakiko sawa katika dunia, lakini hajui ni nini. Morpheus, mutu mwenye kutafutwa sana, anamuwekea vidonge viwili mbele yake. Akimeza cha bluu, ataamuka kitandani kwake na maisha yataendelea. Akimeza chekundu, ataonyeshwa ukweli.

Neo anameza chekundu. Kumbe dunia yote aliyoijua, ofisi, barabara, chakula, jua, haiko. Ni programu yenye mashini zinaingiza katika ubongo wa watu. Mwaka wa kweli uko karibu na 2199. Watu walipigana na mashini zenye akili, wakafunika anga ili mashini zikose jua. Mashini nazo zikageukia miili ya watu: zinawalaza katika vyombo vya majimaji, zinavuta umeme kutoka mwilini mwao, na zinawapa ndoto moja ya pamoja ili watulie. Ndoto hiyo njo Matrix.

Watu wenye walitoka ndani yake wanaishi Sayuni, muji wenye uko chini kabisa ya udongo. Morpheus anaamini kama Neo ni Muteule mwenye atawaokoa wote. Wenye kuwafuata ni maajenti, programu zenye sura ya watu waliovaa suti. Anayejulikana zaidi kati yao ni Smith.

Wenye waliitengeneza

Filme iliandikwa na kuongozwa na ndugu wawili wa Chicago, Lana na Lilly Wachowski. Ilipigwa picha Sydney, kule Australia. Keanu Reeves njo Neo, Laurence Fishburne ni Morpheus, Carrie-Anne Moss ni Trinity, na Hugo Weaving ni Smith. Ilitumia karibu dola milioni 63, ikaingiza zaidi ya milioni 460 katika dunia nzima. Mwaka 2000 ilipata zawadi ine za Oscar: ya kupanga na kukata picha, mbili za kazi ya sauti, na ya ufundi wa picha.

Wenye wanasema: «Ni vita tu, na vita ni vizuri»

Hapa njo karibu wote wanapatana. Hata mutu mwenye hakufahamu hadithi anakumbuka namna Neo anainama nyuma na risasi zinapita juu ya kifua chake. Ili kupata picha hiyo, walipanga kamera nyingi za picha kumuzunguka muchezaji, kila moja ikapiga picha yake moja nyuma ya ingine. Walipoziunganisha, ikawa kama wakati umesimama na jicho la mutazamaji linazunguka. Miaka ya nyuma, filme nyingi, matangazo na michezo ya video viliiga jambo hilo, mupaka likachosha.

Mapigano ya mikono yalipangwa na Yuen Woo-ping, mwalimu wa filme za kung-fu wa Hong Kong. Wachezaji walifanya mazoezi naye kwa miezi mbele ya kuanza kazi. Ni kwa sababu hiyo kamera inaweza kusimama mbali na kuonyesha mwili muzima ukipigana, bila kuficha ufundi wa muchezaji. Vijana wenye walikomalia na filme za Bruce Lee na Jackie Chan waliona mara moja kitu wanachokijua kikiwa katika nguo mpya.

Wenye wanalalamika juu ya bunduki

Roger Ebert, mwandishi maarufu wa sinema kule Chicago, aliipa nyota tatu juu ya ine. Alisifu picha na wazo, lakini akasikitika kuona hadithi yenye iliuliza swali kubwa vile ikimalizikia katika kufyatuliana risasi. Lalamiko hilo linasikilika mupaka leo.

Kuko lalamiko lingine zito zaidi. Wiki tatu kisha filme kutoka, wanafunzi wawili waliua wenzao katika masomo ya Columbine, Marekani, na watu wakaanza kuuliza kama filme za bunduki, Matrix pia, zinafundisha vijana nini. Filme pekee haiwezi kueleza uovu kama ule. Lakini swali lina mahali pa kushika ndani ya hadithi yenyewe. Morpheus anamufundisha Neo kama kila mutu mwenye angali katika ndoto anaweza kugeuzwa ajenti saa yoyote, basi mumuhesabu kama adui. Kisha Neo na Trinity wanaingia katika jengo moja na kuua walinzi wote kwenye mulango. Walinzi hao hawakuwa mashini. Walikuwa watu waliolala, wale wale ambao vita vilisemwa kuwa vya kuwakomboa. Sisi wa mashariki hatuna haja ya kuelezwa gharama ya ukombozi wenye unapita juu ya raia. Mutazamaji mwenye anasimama hapo na kuuliza, haharibu filme, anaiangalia muzuri.

Wenye wanaona dini na falsafa

Wakristo wengi walitambua majina. Trinity maana yake Utatu. Sayuni ni muji wa Biblia. Chombo cha Morpheus kinaitwa Nebukadneza, mufalme wa Babeli mwenye, katika kitabu cha Danieli, alisumbuliwa na ndoto. Neo anauawa, kisha anaamuka. Cypher, mwenye anawauza wenzake, wengi wanamuona kama Yuda. Wabudha nao walijiona: ndani ya filme mutoto mumoja anakunja kijiko kwa kukiangalia tu, na anamufundisha Neo kama kijiko hakiko, kinachokunjika ni wewe mwenyewe. Mambo ya dini yalileta pia matatizo: mwaka 2003, wakaguzi wa filme wa Misri walikataza ile ya pili isionyeshwe, wakisema inagusa mambo ya uumbaji na imani.

Waalimu wa falsafa wanakumbusha Plato, Mugiriki wa zamani. Yeye alieleza watu wenye wamefungwa ndani ya pango tangu utoto, wakiangalia ukutani vivuli tu, na wakiamini kama vivuli njo dunia. Mumoja akifunguliwa, mwangaza unamuumiza macho kwanza. Neo naye, siku ya kuamuka, anauliza juu ya nini macho yake yanauma. Anajibiwa kama hajayatumia hata siku moja.

Kitabu chenye Neo anafichamo vitu vyake ni cha Mufaransa Jean Baudrillard, kilichotoka mwaka 1981. Lakini Baudrillard mwenyewe hakufurahi. Mwaka 2003 alisema kama watengenezaji hawakufahamu mawazo yake, na kama Matrix ni aina ya filme ambayo Matrix yenyewe ingeweza kuitengeneza. Alitaka kusema: hata kilio juu ya udanganyifu kinaweza kuuzwa dukani kama bidhaa. Mwaka ule ule, Nick Bostrom wa chuo kikuu cha Oxford aliandika makala yenye kuuliza kama sisi pia tunaweza kuwa ndani ya programu. Hakusema kama ni hakika. Alionyesha tu kama jambo hilo haliwezi kutupwa kwa kucheka.

Wenye wanahesabu umeme

Wanafunzi wa sayansi wana lao. Mwili wa mutu hautengenezi nguvu kutoka bure. Unageuza chakula kuwa joto, na kila mara nguvu yenye kuingia inapita yenye kutoka. Mashini zenye akili vile zingechoma kile chakula chenyewe na kupata zaidi. Hesabu hiyo iko sawa, na wapenzi wa filme hawana jibu la kweli. Wanachosema ni kama betri ile ni mufano: mutu anayetumiwa na kazi ao deni bila kujua nani anakula jasho lake.

Swali la Cypher

Kati ya mabishano yote, hili njo linagawanya watu zaidi. Cypher alimeza kidonge chekundu miaka tisa mbele. Amechoka na baridi, hofu na uji usio na ladha. Anakaa na ajenti Smith katika restora, anakata kipande cha nyama, na anakubali kama anajua nyama ile haiko. Lakini ulimi unamuambia ni tamu. Anaomba arudishwe katika ndoto, akiwa tajiri, na asikumbuke kitu.

Wamoja wanasema ni mwoga. Wengine wanasema ni yeye peke yake mwenye anasema wazi kile wote wanafikiri: ukweli hauliwi. Tukiangalia muzuri, filme inatenganisha mambo mawili. Kuchoka na ukweli haiko zambi. Neo pia anatapika siku anapoonyeshwa. Ubaya wa Cypher ni bei aliyokubali. Ili yeye apate usingizi, alimutoa Morpheus kwa maajenti na kuua wenzake wakiwa wamelala kwenye viti, bila nguvu ya kujitetea.

Juu ya nini filme ya pili iliwakasirisha watu

The Matrix Reloaded na The Matrix Revolutions zilitoka mwaka 2003. Ya pili iliingiza karibu dola milioni 740, kupita ya kwanza. Ya tatu ilishuka karibu na 427. Wengi walisema mazungumzo ni marefu na magumu. Lakini hasira ya kweli ilitoka kwa muzee mumoja wa ndevu nyeupe, Muchora-ramani wa Matrix. Anamuambia Neo kama yeye haiko Muteule wa kwanza. Ni wa sita. Sayuni imekwisha kubomolewa mara tano. Watu wenye wanakataa ndoto wanahesabiwa tangu mwanzo, wanaachwa watoke, wanapewa mukombozi wa kumutumainia, kisha wote wanafagiwa na kazi inaanza upya.

Kwa hiyo Morpheus, mwenye aliamusha wengine, naye alikuwa anaamini unabii wenye ulitengenezwa na wale anaowapiga. Mutazamaji aliyetoka filme ya kwanza akijisikia kuwa ameamuka alipewa kofi. Sisi tunaona kama njo somo kubwa la hadithi yote, na bila hilo filme ya kwanza ingebaki nusu. Kutoka katika uongo mumoja haimaanishi kama umefika katika ukweli. Katika ya tatu, vita vinaisha bila mushindi: Neo anatoa maisha yake ili mashini na watu wapatane. Wenye walingojea ushindi mukubwa walirudi nyumbani na huzuni.

Ya ine, The Matrix Resurrections ya mwaka 2021, iliongozwa na Lana peke yake. Humo Neo ni mutengenezaji wa michezo ya video, na mabosi wanamusukuma atengeneze tena mchezo wake wa zamani. Wamoja walicheka, wengine waliona ni filme yenye kujisema yenyewe. Iliingiza karibu dola milioni 159 tu, wakati korona ilikuwa ingali.

Kidonge chekundu leo

Kwenye intaneti, «kumeza kidonge chekundu» imekuwa neno la makundi mengi. Kuko wanaume wenye walilichukua ili kusema kama wameamuka na kujua ubaya wa wanawake. Wanasiasa wanalitumia kwa wafuasi wao. Mwaka 2020, tajiri Elon Musk alipolitumia, Lilly Wachowski alimujibu kwa hasira na kwa matusi. Lana na Lilly walikuwa wanajulikana kama wanaume wakati wa filme ya kwanza. Lana alitangaza mwaka 2012 kama ni mwanamuke, na Lilly mwaka 2016. Kisha Lilly alieleza kama hamu ya kugeuka mutu mwingine ilikuwa ndani ya hadithi tangu mwanzo.

Kidonge kimoja kinavutwa pande zote, na filme yenyewe inatoa kipimo cha kuangalia mwenye anakileta. Morpheus alimuachia Neo nafasi ya kukataa. Hakumuomba achukie mutu. Alimuambia aende kuona kwa macho yake. Basi mutu akikutumia ujumbe kwenye telefone akisema yeye peke yake ameamuka na wote wengine wamelala, uliza: ananiacha nichunguze? Ananiomba nimuchukie nani? Na yeye mwenyewe, nani alimupa hicho kidonge?

Kwa mwenye anataka kuiangalia

Anza na ile ya 1999, kisha mbili za 2003. Kati yao unaweza kuweka The Animatrix, filme fupi fupi za katuni za mwaka 2003. Mbili kati yazo zinaeleza namna vita ya watu na mashini ilianza, na humo utaona kama mashini hazikuwa za kwanza kukosea. Ile ya 2021 inaweza kungoja. Marekani, mutoto chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia sinema kuona filme hizo ine bila mukubwa, sababu ya damu na risasi, muzazi apime. Na mukiiangalia wengi pamoja, musizime televizyo mara moja. Muanze na swali la walinzi wa mulango.