Monita pana

Monita pana ni kioo cha kompyuta ambacho upana wake unazidi kimo chake kuliko ilivyozoeleka maofisini. Uwiano wa pande, yaani upana ukilinganishwa na kimo, ni 16 kwa 9 katika monita nyingi za leo. Katika monita pana uwiano huo ni takriban 21 kwa 9, na zipo zilizofika 32 kwa 9. Umbo hili lina asili katika sinema, ambako mfumo wa CinemaScope, uliozinduliwa mwaka 1953, uliwazoesha watazamaji picha ndefu ya mlalo. Kwenye meza za kompyuta lilianza kuenea baada ya kampuni ya LG kutoa monita ya inchi 29 mwaka 2012, na mwaka 2017 Samsung ikaleta ya inchi 49, ambayo ni sawa na monita mbili za inchi 27 zilizowekwa ubavu kwa ubavu.

Kipimo cha inchi, kwa kuwa huchukuliwa kutoka pembe moja hadi pembe ya kinyume, humpotosha mnunuzi kwa urahisi. Monita pana ya inchi 34 ina upana wa karibu sentimita 80, lakini kimo chake hakizidi kile cha monita ya kawaida ya inchi 27, na ile ya inchi 29 hulingana kwa kimo na ya kawaida ya inchi 23.

Faida ya monita pana ni ya kweli pale kazi inapokwenda kwa mlalo. Kwa mfano, Kiwangwa, kata ya Tanzania iliyo kando ya barabara ya Bagamoyo hadi Msata, inajulikana kwa mananasi, zao linalochukua takriban mwaka mmoja na nusu tangu kupandwa hadi kuvunwa. Mkulima anayetaka kulifuatilia shamba lake katika lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu, akaupa kila mwezi safu mbili, moja ya gharama za miche, mbolea na vibarua na nyingine ya mapato, atahitaji safu 36. Katika Excel, mojawapo ya programu hizo, safu ambayo haijarekebishwa ina upana wa pikseli 64, pikseli zikiwa ni nukta ndogo zinazounda picha. Kwa hiyo monita ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa upana huonyesha safu zisizofika 30, na palizi ya mwezi wa pili huwa imekwisha kutoweka machoni kabla mauzo hayajaonekana. Monita pana ya pikseli 3440 huonyesha zaidi ya safu 50 kwa mara moja. Hilo si jambo la anasa hata kidogo, kwa maana mkulima anayeona gharama na mavuno kwa pamoja ndiye anayeweza kutambua kwamba faida yake iliishia kwenye palizi.

Vivyo hivyo kwa mhariri wa picha za ngoma na maigizo, sanaa zinazofundishwa katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Programu za uhariri hupanga picha na sauti kwenye mkanda wa wakati unaokwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na mkanda huo unapopata nafasi, mhariri huweza kuilinganisha mipigo ya ngoma na hatua za wachezaji bila kuusogeza mkanda kila mara.

Ramani huonyesha upande wa pili wa suala hili. Barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Msata, yenye kilomita 64, huelekea magharibi na hukaa vizuri katika monita pana. Lakini pwani ya kutoka Bagamoyo hadi Saadani hupanda kaskazini, hivyo ni lazima ipunguzwe hadi majina ya vijiji yasomeke kwa shida, huku nusu ya kioo ikibaki na maji matupu ya Bahari ya Hindi. Kwa kazi kama hiyo, monita ya kawaida iliyosimamishwa wima ni bora zaidi. Katika mikutano ya mtandaoni pia, anayeonyesha kioo chake chote huwapelekea wenzake ukanda mwembamba wenye maandishi madogo mno.

Monita nyingi za aina hii hupindwa kidogo ili ncha zake zisiwe mbali na macho. Alama 1800R humaanisha kwamba mpindo huo ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1800. Kwa wachoraji wa ramani za majengo mpindo huo unaweza kuwa kero, kwani mstari ulionyooka huonekana kama umepinda.

Mzigo kwa kompyuta nao huongezeka. Kioo chenye pikseli 3440 kwa 1440 kina pikseli 4,953,600, zaidi ya mara mbili ya 2,073,600 za monita ya kawaida, na kompyuta ya zamani iliyonunuliwa mtumba huweza kushindwa kuzitoa zote kupitia tundu lake la HDMI, picha ikabaki imevutwa na herufi zikiwa na ukungu. Umeme unapokatika, kompyuta mpakato huendelea kwa betri yake, lakini monita huzimika papo hapo isipounganishwa na UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba. Kioo kikipasuka njiani, fundi hawezi kukiziba. Gharama ya kioo kipya mara nyingi hukaribia bei ya monita nzima. Kwa sababu hiyo, katika eneo la vijijini monita mbili za kawaida, japo zina ufa wa fremu katikati, zina ubora ambao upana hauwezi kuufidia: moja ikiharibika, kazi huendelea kwenye ile nyingine siku hiyohiyo.