Mukeka na Meza: Namna ya Kuandaa Chakula Kwetu Katanga

Ukisema leo mbele ya vijana wa Lubumbashi "kutandika meza", mara moja wanaona karamu ya ndoa: kitambaa cheupe, sahani zinazofanana, uma kushoto, kisu kuume, bilauri mbele. Wengine wanafikiri ni mambo ya juzi, yaliyoletwa na televizyo. Sivyo. Kwetu Katanga meza ina historia ya miaka mia na zaidi, na historia ile haikuhusu chakula peke yake. Ilihusu pia kujua nani anakula pamoja na nani.

Neno lenyewe ni la zamani kuliko Wabelgiji. "Meza" ni neno la Wareno. Liliingia kwanza katika Kiswahili cha pwani, kisha likafika kwetu pamoja na Kiswahili. "Sahani" ni la Waarabu. Lakini uma wengi wetu tunauita fursheti, na jina hilo la Kifaransa linaonyesha wazi chombo kile kilipitia mlango gani.

Mbele ya Wazungu, katika vijiji vya kusini mwa Katanga, kwa Balamba, Babemba na jirani zao, wanaume walikula kwenye insaka, kile kibanda kisicho na kuta katikati ya kijiji. Kila mama alipika kwake, akatuma bukari yake na mboga yake pale. Vyombo vyote viliwekwa chini pamoja, watu wakavizunguka. Maji ya kunawa yalipita kwanza, kuanzia kwa mukubwa, na kijana ndiye aliyeshika chombo. Halafu mkono wa kuume tu: kumega, kufinyanga, kuchovya. Nyama haikuguswa ovyo. Mzee aligawa, mtoto akajifunza kungoja. Wanawake na watoto wadogo walikula kwao, karibu na jiko.

Hiyo nayo ilikuwa kuandaa, tena kwa sheria kali. Lakini tuangalie vizuri kazi yake. Siku ile mama mmoja ni mgonjwa, ao unga umeisha kwake, bwana yake alikula sawa na wengine, hakuna aliyemwuliza chombo chako kiko wapi. Mgeni akitokea ghafula, watu walisogea kidogo tu. Mukeka hauhesabu watu. Meza inahesabu: viti sita, sahani sita, watu sita. Wa saba akipiga hodi, ni shida kwa mwenye nyumba na haya kwa mgeni.

Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi tangu 1966, ilianza mwaka wa 1910, wakati reli ilipofika kutoka kusini. Kati yetu, wa kwanza kujua meza ya kizungu hawakualikwa kuikalia. Walikuwa maboyi. Wao ndio walijifunza: kisu kuume, makali yakiangalia sahani; uma kushoto; kijiko cha supu pembeni ya kisu; kile kidogo cha tamutamu juu ya sahani. Chakula kinapitishwa upande wa kushoto wa mgeni, kinywaji kinamiminwa upande wa kuume. Siku isiyo na wageni mambo yalipunguzwa: sahani moja, uma, kisu, bilauri, basi. Boyi alijua yote haya kwa kichwa, kisha akaenda kula bukari yake nyuma ya nyumba. (Mwaka wa 1965 André Yav aliandika habari za mji huu na za maboyi, kwa Kiswahili cha hapa hapa. Tungependa walimu wa historia waisome pamoja na wanafunzi.)

Jambo moja liliwaumiza wazee kuliko mengine: ule uma wa kushoto. Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, tena haupeleki chakula kinywani. Na kumbe adabu ya kizungu ilidai kisu kikate kwa kuume, na kushoto ndiko kupeleke nyama mdomoni! Koko aliyemwona mjukuu akila vile hakuona maendeleo. Aliona mtoto asiyelelewa. Kila upande ulikuwa na adabu yake, na kila upande ulimwona mwingine kuwa mshenzi.

Baada ya vita ya pili ya dunia meza ikawa mtihani. Mwaka wa 1948 serikali ya Wabelgiji iliweka carte du mérite civique kwa wale walioitwa évolués. Mwaka wa 1952 ikaja immatriculation, iliyokuwa ngumu zaidi. Mtu aliyeomba alitembelewa nyumbani. Wakaguzi walitazama vyumba, choo, mavazi ya watoto; waliangalia kama sahani zinafanana, kama jamaa inakula kwa uma na kisu, kama bwana na bibi wanakaa meza moja. Patrice Lumumba mwenyewe, wakati ule karani wa posta kule Stanleyville, alikataliwa kwanza, akaipata mwaka wa 1954. Mpaka mwisho wa utawala ule, katika nchi ya mamilioni ya watu, waliofaulu walikuwa mamia machache tu. Mtu mzima, mwenye kazi na masomo, anahesabiwa vijiko kabatini: sisi tunaona ni matusi, na hatutafuti neno lililo laini zaidi.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Katika foyers sociaux na katika makambi ya Union Minière wanawake walifundishwa kushona, kupika, kupiga pasi, kutunza nyumba. Nyumba nyingine zilitandika meza kwa macho ya mkaguzi tu. Akiisha kwenda, mama alirudi jikoni. Lakini nyingine zilibakia vile, bwana na bibi na watoto pamoja, na mama akasema neno lake mbele ya wote wakati wa kula. Insaka haikumpa nafasi ile. Anayesifu mukeka bila kukumbuka hilo, anasifu akiwa upande wa wanaume.

Siku za Zaïre tai ilikatazwa, na mwaka wa 1972 majina ya kikristo pia. Uma na kisu vilibakia mezani, hata kwa wakubwa waliohubiri kurudia asili kwa sauti kubwa.

Leo, katika nyumba nyingi za Lubumbashi, siku za kazi kuna meza ndogo, sahani moja ya bukari, bakuli moja ya sombe, na watoto kuizunguka. Noeli ao Bonane ikifika, sahani za kabati zinatoka, kila mtu na yake. Na katika karamu ya ndoa, kwenye meza ya heshima yenyewe, kabla chakula hakijaguswa msichana anapita na beseni, birika na sabuni, akianzia kwa wakubwa. Wanakunja mikono ya koti, wananawa, wanamega bukari. Uma unabakia upande wa kushoto, safi kama ulivyowekwa.